Ufahamu wa Kasuku Haujengi Taifa

Kila mwaka Septemba inapokaribia, mwezi ambao watoto wa darasa la saba hufanya mtihani wao wa mwisho, shule nyingi za msingi nchini hubadilika sura, na zile za milima ya Uluguru zimo katika kundi hilo. Michezo husimama. Shamba la shule husahauliwa. Watoto huingia kambini, na wazazi huchanga unga, maharage na ndizi ili wanafunzi wapate kulala karibu na ubao. Alfajiri, ukungu ungali umeyafunika mabonde ya Kinole na Matombo, sauti hupaa kwa pamoja kama za kwaya: "Go, went, gone, eat, ate, eaten." Usiku hugawiwa makaratasi ya mitihani ya miaka iliyopita, yaliyotolewa nakala mjini Morogoro, na kazi ya kuchagua herufi huanza upya.

Bidii hiyo si ya kubezwa. Mwalimu anayekesha na watoto wa watu bila ya malipo ya maana anastahili heshima, na mzazi anayetoa debe la mahindi ili mwanawe akae kambini ametoa alicho nacho. Lakini bidii peke yake haiwezi kuwa hoja. Mtu aweza kuchota maji kwa pakacha usiku kucha, na asubuhi mtungi ukawa mkavu. Swali ambalo kila mwalimu, kila mthibiti ubora wa shule na kila mtumishi wa Serikali anapaswa kujiuliza ni hili: mtoto huyo anapotoka kambini, amejua Kiingereza, au amejua mtihani wa Kiingereza?

Ukweli mchungu ni kwamba amejua mtihani, na ujuzi huo hufa siku ile anapokabidhi karatasi.

SARUFI YA KUNUSA

Hebu yatazamwe mazoezi yenyewe ya sarufi. Mtoto hafundishwi maana; hufundishwa dalili. Ukiona neno "yesterday", chagua kitenzi chenye "ed". Ukiona "since", tafuta "have been". Ukiona "neither", itafute "nor". Mwanafunzi huinusa sentensi kama mbwa wa polisi anavyonusa nyayo, na akishaipata harufu hana haja tena ya kujua sentensi inasema nini, inamsema nani, wala kama inasema kweli au uongo.

Kisha huja orodha za kukariri. Mtoto wa Nyandira, kule Mgeta, ambaye mama yake hulima kabichi na karoti, anajua kwamba kundi la simba huitwa "a pride of lions" na kwamba mtoto wa kondoo ni "lamb". Lakini akitokea mnunuzi mgeni asiyejua Kiswahili, mtoto huyo hana sentensi tatu za Kiingereza za kumweleza bei, uzito na siku ya mavuno. Amepewa simba ambao hawapo bondeni kwao, akanyimwa karoti zilizopo mlangoni.

La kusikitisha zaidi ni kwamba mwalimu anayo silaha bora ya kufundishia sarufi hiyo, na amekatazwa kuitumia. Silaha hiyo ni Kiswahili. Mtoto aliyekulia katika Kiswahili anajua vema tofauti kati ya "mgeni alifika" na "mgeni amefika". La kwanza ni habari iliyopita. La pili lina maana kwamba mgeni yuko ndani, na chai ichemshwe. Tofauti hiyo inakaribiana sana na ile ya "the guest arrived" na "the guest has arrived", ambayo vitabu vya mazoezi huizungusha kwa kurasa nyingi. Vilevile anajua kwamba "mvua hunyesha Aprili" si sawa na "mvua inanyesha", na hivyo ndivyo Mwingereza atofautishavyo "it rains" na "it is raining". Dakika kumi za kulinganisha lugha mbili zingemwokolea mtoto wiki nzima ya kuimba.

Na pale lugha hizo zinapoachana, Kiswahili ndicho kinachoonyesha kosa linatoka wapi. Mwanafunzi anayeandika "my mother, he is at home" si mjinga. Lugha yake haimlazimishi kutaja kama yeye ni mume au mke. "Baba amefika" na "mama amefika" hutumia kitenzi kilekile. Akielezwa hivyo mara moja atajua mahali pa kujihadhari. Badala ya kuelezwa, huchekwa. Katika shule nyingi huning'inizwa vibao vya kuamuru Kiingereza peke yake, na mtoto aliyeponyokwa na neno la Kiswahili huadhibiwa. Hapo hajifunzi Kiingereza, anajifunza kunyamaza.

UFAHAMU BILA KUFAHAMU

Huenda msomaji akasema: sarufi na iwe hivyo, lakini mtihani una sehemu ya ufahamu, na huko mtoto hana budi kuelewa. Hebu msomaji huyo, mwenye elimu yake na miaka yake ya kazi, ajaribiwe kwa lugha yake mwenyewe. Na asome habari hii fupi:

"Mzee Chamwelo alipwenga misarandi mitatu kando ya kitefuo. Alipokwisha kupwenga, alikwenda kwa mndorwa, akamfolea kwa upole."

Sasa maswali. Je, Mzee Chamwelo alipwenga misarandi mingapi? Mitatu. Alipwengea wapi? Kando ya kitefuo. Alipokwisha kupwenga alikwenda kwa nani? Kwa mndorwa. Alimfolea namna gani? Kwa upole. Maswali manne, majibu manne, alama zote! Na bado hapana mtu duniani ajuaye mzee huyo alifanya nini, kwa maana maneno hayo yamebuniwa tu na hayana maana yoyote. Msomaji amefaulu ufahamu wa kitu kisichofahamika.

Hiyo ndiyo mbinu inayofundishwa kambini. Anza na swali. Lichukue neno lake kuu. Litafute neno hilo katika habari. Nakili sentensi inayolizunguka. Penye machaguo matano, hata asiyesoma kabisa hutazamiwa kupata swali moja kati ya matano kwa kubahatisha. Lakini akija mtu na swali la tano, akauliza: "Je, mzee alitenda vema au vibaya, na kwa sababu gani?", darasa zima litaduwaa. Ufahamu huanzia katika swali kama hilo, na mazoezi ya kambini hukoma kabla ya kulifikia.

Wataalamu wa usomaji wamepima jambo hili. Ili mtu asome habari peke yake na kuielewa vizuri, katika kila maneno 100 yale asiyoyajua yasizidi mawili hivi. Yakifika 20, yaani neno moja katika kila matano, maana huvunjika hata kama msomaji ana akili nyingi. Mtoto anayewekewa mbele yake habari yenye mashimo ya namna hiyo hana njia ila ile ya kuwinda maneno. Kwa hiyo hila ya kambini haikuzuka kwa uvivu wa mtoto wala kwa uovu wa mwalimu. Imezuka kwa sababu mtu anadaiwa kile ambacho hakupewa.

Matokeo yake yamekwisha kuonekana hadharani. Utafiti wa Uwezo wa mwaka 2010 uliwakuta karibu nusu ya watoto wa darasa la saba hawawezi kusoma hadithi ya Kiingereza ya kiwango cha darasa la pili. Mwaka 2012 ikabainika kwamba maelfu ya watoto waliokwisha kuchaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma wala kuandika. Walichaguliwa kwa njia gani? Kwa mtihani. Na matokeo ya kidato cha nne ya mwaka huohuo, yaliyotangazwa Februari 2013, yaliwaacha watahiniwa sita katika kila kumi wakiwa na sifuri. Kelele zikawa nyingi, tume ikaundwa, matokeo yakapangwa upya. Lakini mbinu ya kunusa maneno haikuundiwa tume.

MTIHANI MMOJA ULIOJIFICHA NDANI YA MINGINE

Wako wasemao kwamba Kiingereza ni somo moja tu kati ya masomo mengi, na mtoto akianguka humo ataokolewa na mengine. Hawa wanasahau kwamba katika shule ya sekondari ya nchi hii kila mtihani, isipokuwa ule wa Kiswahili na machache mengine, kwanza ni mtihani wa kusoma Kiingereza.

Mfano uko wazi milimani. Mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam, una chemchemi zake katika milima ya Uluguru. Kijana wa Kinole hahitaji kitabu kumwambia kwa nini maji ya kijito hugeuka rangi ya chai ya maziwa wakati wa masika. Ameona mteremko uliofyekwa miti ukiporomoka. Ameona baba yake akipanda migomba na kuacha majani ardhini ili udongo ushikwe. Aulizwe kwa Kiswahili habari ya mmomonyoko, atajaza kurasa mbili na kumfundisha mwalimu mambo mapya. Lakini swali huja kwa Kiingereza na jibu linatakiwa kwa Kiingereza; kijana yule huandika mistari minne aliyoikariri kutoka kwenye notisi, tena mingine haihusiani na swali. Msahihishaji humwekea alama mbili na kuamini kwamba amepima jiografia. Alichokipima ni kimya cha mtu anayejua.

Hasara hiyo haiishii kwa kijana. Afisa ugani aliyejifunza majina ya magonjwa ya mimea kwa kuyakariri kwa Kiingereza hupelekwa Mgeta kuzungumza na mkulima, na hana lugha ya kumweleza. Muuguzi, fundi, karani, wote hurudi kwa wananchi wakiwa na elimu iliyofungwa kwenye sanduku ambalo ufunguo wake umebaki katika chumba cha mtihani.

TAIFA LILIAMBIWA MAPEMA

Hayo si mambo mapya. Katika Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967, Mwalimu Nyerere alionya kwamba mitihani iliyorithiwa hupima uwezo wa kukumbuka mambo na kuyatoa kwa wakati uliowekwa, wala haipimi uwezo wa kufikiri. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilipigilia msumari huohuo: mtihani mmoja wa mwisho usiwe ndio hakimu pekee wa mwanafunzi; kazi yake ya kila siku na mwenendo wake pia vitazamwe. Baraza la Mitihani la Tanzania, lililowekwa kwa sheria ya mwaka 1973, liliundwa ili nchi hii ijitungie mitihani inayoifaa. Halikuundwa ili kuendeleza mtindo wa wengine kwa anwani mpya.

Kuhusu lugha nako taifa liliambiwa. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia kidato cha kwanza mwaka 1985, na kifike Chuo Kikuu mwaka 1991. Pendekezo hilo likawekwa kando. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na William Dodd, waliwapima wanafunzi kutoka shule za msingi hadi vyuo vya juu, wakakuta kwamba katika madarasa mengi ya sekondari Kiingereza kilikuwa hakifikishi somo kwa mwanafunzi. Lakini dawa waliyoiandika ikawa ni kuongeza Kiingereza! Sera ya mwaka 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, ilifungua mlango wa Kiswahili katika ngazi zote za elimu. Toleo jipya la mwaka 2023, lililozinduliwa Februari 2025, limekibakiza Kiingereza katika ufundishaji wa sekondari.

Hapa ndipo mtu anapoweza kustaajabu. Bunge hujadili bajeti kwa Kiswahili. Sheria iliyopitishwa mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia ilichapwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili tangu mwaka 1990. Waziri, hakimu na mbunge wanaaminiwa kufikiri kwa Kiswahili. Mtoto wa miaka kumi na minne wa Matombo ndiye pekee asiyeruhusiwa.

NGAZI ZA ULUGURU

Wazee wa Uluguru wanakijua kisa kinachofanana na hiki. Kuanzia mwaka 1950 serikali ya kikoloni iliendesha mpango wa matumizi ya ardhi katika milima hiyo. Wakulima walilazimishwa, kwa amri na kwa adhabu, kuchimba ngazi kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko. Lengo halikuwa baya kwa maneno. Lakini katika sehemu nyingi uchimbaji ulifukia udongo wa juu wenye rutuba na kuuleta juu udongo hafifu wa chini. Ngazi zilionekana, bwana shamba akaridhika, na mazao yakapungua. Julai 1955 wananchi walikataa hadharani huko Matombo. Polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akauawa. Mpango ukavunjika.

Hata hivyo, upande wa Mgeta mashamba ya ngazi yanaonekana mpaka leo, tena yamejaa mboga. Pale ngazi ilipomletea mkulima maji, kabichi na fedha ya soko, hakuhitaji kusimamiwa na mtu ili aitunze.

Sarufi ya kambini ni ngazi ya mwaka 1955. Inachimbwa ili ionekane na mkaguzi. Inafukia kile ambacho mtoto anakijua na kuleta juu kile kisichoota kitu. Nayo Kiingereza inayobeba habari ambayo mtoto anaihitaji, hadithi anayotaka kujua mwisho wake, au maelekezo ya kitu anachotaka kukitengeneza, ni ngazi ya Mgeta; itatunzwa na mwenyewe.

NANI ANAFAIDIKA?

Ugonjwa ukidumu miaka mingi, sharti pawe na anayeishi kwa huo. Wako wauzao makaratasi ya mitihani na vijitabu vya majibu, ambavyo humweleza mwanafunzi dhamira na wahusika wa riwaya ili asihitaji kuisoma riwaya yenyewe. Wako wanaouza twisheni jioni kwa wanafunzi walewale waliopaswa kufundishwa asubuhi. Wako viongozi wa elimu ambao sifa yao imefungwa kwenye tarakimu ya ufaulu, nao hupeleka shinikizo kwa mwalimu mkuu, mwalimu mkuu kwa mwalimu, na mwalimu kwa mtoto. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza orodha ya shule bora na watahiniwa bora. Hatua hiyo ilikuwa njema, lakini mashindano yamebaki katika vikao vya wilaya na kata.

Tena liko jambo ambalo watumishi wengi hawapendi liguswe. Wako wakubwa wanaosema kwa sauti nene kwamba Kiingereza ni lazima, halafu watoto wao wenyewe hawaonekani katika kambi za Uluguru. Watoto hao wako katika shule za kulipia, ambako tangu chekechea wanazungukwa na vitabu vya picha, michezo na mazungumzo ya Kiingereza. Hapo Kiingereza ni maziwa. Kwa mtoto wa mkulima ni dawa chungu inayotolewa kwa kijiko kilekile kila usiku. Kisha wote wawili hupewa karatasi moja ya mtihani, na tofauti ya matokeo huitwa tofauti ya akili! Huo ni ubaguzi uliovaa joho la haki.

WATETEZI WAJIBIWE

Watetezi wa hali iliyopo wana hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba dunia inatumia Kiingereza, na kwamba Mwalimu Nyerere mwenyewe alisema mwaka 1984 kuwa Kiingereza ni Kiswahili cha dunia. Ni kweli alisema, na hapana mwenye akili atakayetaka Mtanzania afungiwe dirisha hilo. Lakini hoja hiyo inadai Kiingereza kijulikane, haidai kikaririwe. Anayekipenda Kiingereza kwa dhati ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kuikasirikia kambi, kwa sababu inatoa vyeti vya lugha kwa watu wasioweza kusoma barua.

Hoja ya pili ni kwamba mtoto akifundishwa masomo yote kwa Kiingereza atakijua kwa kukizoea. Vizazi kadhaa vimejaribiwa kwa hoja hiyo, na jibu limepatikana. Wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Profesa Martha Qorro, wameeleza kwa miaka mingi kwamba kukijua Kiingereza na kufundishwa kwa Kiingereza ni mambo mawili mbalimbali. Lugha hufundishwa na mwalimu wa lugha, kwa vitabu na kwa muda wa kutosha. Mwalimu wa fizikia anayehangaika na Kiingereza chake mwenyewe hawezi kuufundisha umeme na lugha kwa wakati mmoja; mwishowe hukosa vyote.

UFAHAMU ULIOWAHI KUPIMWA KWA JEMBE

Nchi hii iliwahi kufundisha ufahamu wa kweli, tena kwa watu wazima. Mwaka 1973, katika kampeni ya "Mtu ni Afya", watu wapatao milioni mbili walikutana katika vikundi vijijini, wakasikiliza redio, wakasomewa kijitabu cha Kiswahili, wakajadiliana juu ya maji, mbu na uchafu. Mwisho wa somo hawakupewa A, B, C, D au E. Walikwenda kuchimba vyoo, kufyeka vichaka na kuchemsha maji. Aliyefahamu alionekana kwa alichokitenda.

Mtihani wa Kiingereza hauwezi kusahihishwa kwa choo, lakini kanuni ni ileile: ufahamu ni kile mtu anachoweza kukifanya baada ya kusoma. Mtoto aliyesoma maelezo ya njia achore ramani. Aliyesoma kisa aseme mhusika yupi alikosa, na kwa nini. Aliyesoma matumizi ya dawa aseme mgonjwa anywe vidonge vingapi na lini. Tena, hapana dhambi mtoto wa shule ya msingi akisoma kwa Kiingereza na kujibu kwa Kiswahili. Hapo ndipo mwalimu atajua kwa hakika kama maana imeingia, kwani mtu hawezi kunakili jibu kutoka lugha moja kwenda nyingine bila ya kuelewa.

KAZI ILIYOPO

Kwanza, watoto wasome. Si aya moja ya mtihani kwa wiki, bali vitabu vyepesi vingi, kila siku, kwa dakika kumi na tano. Hadithi kama "Hawa the Bus Driver" na "Mabala the Farmer" za Richard Mabala zimekuwapo shuleni kwa miaka mingi na zinasomeka. Mradi wa kuimarisha Kiingereza ulioanza mwaka 1987 uliongeza vitabu vya ziada vya namna hiyo katika shule za sekondari. Sehemu hiyo ya mradi ilikuwa sahihi, na inastahili kufufuliwa na kufikishwa mpaka shule za mwisho wa barabara. Sanduku moja la vitabu 50 likizunguka kati ya Kinole, Tegetero na Mkuyuni litafundisha sarufi kuliko mafungu ya nakala za mitihani.

Pili, mwalimu aruhusiwe na afundishwe kutumia Kiswahili kuieleza sarufi ya Kiingereza. Chuo cha ualimu kilichopo Kigurunyembe kiko chini ya milima yenyewe. Wanachuo wake wanaweza kupanda huko wakati wa mafunzo ya vitendo, wakiwa na vitabu mkononi, badala ya kubeba maswali ya zamani. Kwa kuwa mtaala ulioanza mwaka 2024 umeliingiza somo la Kiingereza tangu darasa la kwanza, kazi hii haiwezi kungoja, la sivyo kambi itaanzia kwa watoto wa miaka sita.

Tatu, Baraza la Mitihani litunge maswali ya ufahamu yasiyojibika kwa kuwinda maneno. Mwalimu hufundisha kile kinachopimwa. Likibadilika swali, kambi itabadilika yenyewe. Nne, suala la lugha ya kufundishia sekondari lirejeshwe mezani na lijadiliwe na walimu wanaosimama mbele ya watoto, si na wale tu ambao watoto wao wamekwisha kuepushwa na tatizo.

Mambo hayo ya mwisho yanahitaji uamuzi wa juu, na uamuzi wa juu huchelewa. Lakini la kwanza halihitaji waraka. Mwalimu yeyote wa Uluguru aweza kesho asubuhi kuyaweka kando makaratasi ya mwaka juzi, akasoma kwa sauti kurasa mbili za hadithi nyepesi, akafunga kitabu, kisha akauliza swali lile la tano: je, alitenda vema au vibaya, na kwa sababu gani? Mwanzoni darasa litanyamaza. Mwalimu asubiri. Mtoto wa kwanza atakayenyosha mkono na kusema, hata kwa Kiingereza kilichovunjika, "He is wrong, because...", huyo amekwisha kuanza kusoma.